Usizitie majini: bahasha za babu na vita vilivyopita Iringa

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Iringa Vijijini. Baada ya bibi kufariki tumefungua sanduku la bati la babu mzaa baba, aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku, na kufika mpaka Bama (Burma, leo Myanmar). Ndani kuna bahasha za zamani, nyingine ni za baba yake babu, ambaye alikuwa mwalimu wa misheni. Kuna stempu zenye kichwa cha mfalme na herufi G.E.A., moja ina N.F., nyingine zimeandikwa South Africa halafu juu yake pamechapwa Kenya, Tanganyika, Uganda. Mbili zina picha ya jengo refu kando ya mto. Kijana mmoja mjini kaniambia nizibandue kwa maji ya moto nizipange kwenye albamu, kwamba za G.E.A. ni za mamilioni. Shuleni tunaandaa maonyesho ya Julai 25, Siku ya Mashujaa, kuhusu vita vya nchi yetu kupitia stempu. Je, nizibandue? Zina thamani hiyo? Na mbona sioni hata moja yenye askari wetu?"

Marahaba, mwalimu. Kabla ya yote, usizitie majini. Kama umeshachemsha maji, yaepue unywe chai. Kisha funga hilo sanduku, likae mahali pakavu mpaka umalize kusoma.

Maji yana hatari mbili. Ya kwanza ni rangi. Stempu nyingi za makoloni ya Kiingereza za wakati ule zilichapwa na kampuni ya De La Rue ya London, na baadhi yake zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa utando mweupe laini kama wa chaki, kwa wino unaoyeyuka. Zilitengenezwa hivyo makusudi, ili anayejaribu kuufuta mhuri aitumie stempu mara ya pili aondoke na rangi ya stempu pia. Maji ya moto yatafanya kazi ileile hata kama wewe huna nia mbaya. Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Ukiitoa stempu kwenye bahasha unabaki na kipande cha karatasi chenye picha, na vita umevitupa pamoja na bahasha.

Nieleze hapo, kwa sababu swali lako la tatu, la kutoona askari wetu, jibu lake limeanzia hapohapo. Picha iliyo kwenye stempu inakuonyesha aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa alitaka kuonekanaje. Waliopitia vita utawakuta kwenye vitu vinavyoizunguka: mhuri wa posta wenye mji na tarehe, jina na namba ya askari, ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni na mkaguzi wa barua, kiasi cha senti kilicholipwa, mwandiko wenyewe. Ndiyo maana sisi tunaofuatilia historia ya posta tunaithamini bahasha nzima iliyochakaa kuliko stempu safi iliyonyofolewa.

Chukua hizo za Afrika Kusini. Najua zinashangaza: Iringa na Afrika Kusini wapi na wapi? Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, zikiletwa kutoka Uingereza. Vita Kuu ya Pili ikavuruga uchapaji London na kuifanya safari ya meli kuwa ya kubahatisha. Stempu zikapungua, na mwaka 1941 hadi 1942 zikachukuliwa stempu za Afrika Kusini, zikachapwa juu yake majina ya nchi zetu tatu na thamani mpya: senti 5, 10, 20 na 70. Ziangalie vizuri uone kama kuna iliyoandikwa Suid-Afrika. Kwenye karatasi moja zilipishana, hii kwa Kiingereza na ya jirani kwa Kiafrikana, na ukikuta mbili hazijatenganishwa, usizitenganishe.

Sasa fikiri pamoja nami, mwalimu. Stempu hizo ziliuzwa kwenye posta za huku nyumbani. Askari aliyekuwa vitani alituma barua zake kupitia posta ya jeshi, ambayo ilitambulika kwa namba bila kutaja mahali, ili adui asijue kikosi kiko wapi. Kwa hiyo, kama bahasha ina stempu hiyo, mhuri wa Iringa na jina la babu pamoja na namba yake ya jeshi, basi hiyo ni barua aliyoandikiwa. Mtu wa nyumbani alilipa senti, barua ikafunguliwa na mkaguzi, ikamkuta babu alikokuwa, naye akaitunza kwenye mkoba wake mpaka aliporudi. Ukiibandua stempu, hayo yote hayasomeki tena. Soma tarehe kwa lenzi, kisha uoanishe na safari za Keya: Uhabeshi 1941, Madagaska 1942, kisha Bama, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule. Utaweza kuwaambia wanafunzi barua ipi ilimkuta babu yako wapi, au angalau mwaka gani.

Sasa tuje kwa zile za baba yake babu, ambazo kwangu ndizo zenye uzito zaidi. Watu wengi hudhani herufi zilizochapwa juu ya stempu ni kasoro ya kiwandani, au alama ya mkusanyaji. Hapana, ni alama ya utawala uliobadilika ghafla. Jeshi likiingia nchi ya mwenzake linahitaji posta mara moja, kwa barua za askari na za maofisa. Kuchora na kuchapa stempu mpya huchukua miezi. Njia ya haraka ni kuchukua stempu zilizopo ghalani na kuzichapa herufi chache juu. Ukizipanga kwa tarehe, unaliona jeshi likitembea.

Kwanza alikuwapo Mjerumani. Stempu zake za kwanza za hapa zilitoka mwaka 1893, zikiwa stempu za Ujerumani zilizochapwa thamani kwa pesa, sarafu ndogo ya koloni wakati huo. Kuanzia 1901 zikaja zenye picha ya meli ya Kaiza, mfalme wa Wajerumani, iitwayo Hohenzollern, picha ileile iliyotumika kwenye makoloni yote ya Kijerumani. Posta zake zilikuwepo Iringa na Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Kisha, Mei 1916, Jenerali Edward Northey wa jeshi la Waingereza akavuka mpaka kutoka Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Mwisho wa mwezi huo Tukuyu ilikuwa mikononi mwake, Julai wakapigana Malangali, na Agosti 29, 1916 wakaingia Iringa. Barua za jeshi hilo zilibandikwa stempu za Nyasaland zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, zilizochapwa juu herufi N.F., yaani Kikosi cha Vita cha Nyasaland. Zilitoka mwaka huohuo wa 1916, kwa thamani tano tu. Hiyo moja uliyonayo inahusu zaidi vita vilivyopigwa hapa kwetu, katika milima ya Njombe, Lupembe na Iringa, kuliko stempu nyingine yoyote ninayoweza kukutajia.

G.E.A. ilifuata mwaka 1917. Hizo ni stempu za Himaya ya Afrika Mashariki (leo Kenya) na Uganda zilizochapwa herufi za jina la Kiingereza la koloni la Mjerumani, German East Africa, na ziliendelea kutumika baada ya vita, mpaka stempu za Tanganyika zenye twiga zilipotoka mwaka 1922. Wenzetu wa pembe nyingine za nchi walikuwa na zao. Mafia ilitekwa Januari 1915 ikapata stempu zake, Wabelgiji waliotokea magharibi walizichapa stempu za Kongo kwa Kifaransa na Kiholanzi, na Wareno wakachapa jina la Kionga, kipande kidogo tu kusini ya mto Ruvuma. Hizo zitaje kwa ufupi kwenye maonyesho. Nguvu yako iweke kwenye N.F. na G.E.A., kwa kuwa unazo mkononi na zimetumika kwenye barabara ambazo wanafunzi wako wanazipita.

Na hapo, mwalimu, nakuomba uwape nafasi wapagazi. Huku milimani jeshi la Northey halikuwa na reli wala bandari. Magunia ya unga, masanduku ya risasi na mifuko ya barua, kwa sehemu kubwa, vilipanda huku kwa mabega ya watu, wale walioitwa tengatenga upande wa Nyasaland, pamoja na wanaume waliokusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vyetu na pande zote mbili. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia laki moja, wengi wao kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, maandishi yake yanawataja na wao. Stempu ya N.F. haina mpagazi hata mmoja, lakini haikufika Iringa kwa miguu yake yenyewe. Iandike hivyo chini ya bahasha. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataelewa mara moja.

Sasa zile mbili zenye jengo refu. Hilo ni Bunge la Uingereza, London, na huo mto ni Thames. Zilitolewa Novemba 11, 1946 kusherehekea ushindi wa Vita Kuu ya Pili, moja ya senti 20 na nyingine ya senti 30. Picha hiyohiyo ilipelekwa makoloni mengi ya Kiingereza kwa wakati mmoja, kwa kubadilisha jina la nchi na thamani tu. Kwa hiyo babu yako alitoka Bama, akarudi Iringa, akaenda posta, akauziwa kumbukumbu ya vita alivyopigana yeye ikiwa na picha ya jengo ambalo hajawahi kulikanyaga. Jambo hili linaniuma kila ninapoishika stempu hiyo, na sidhani kama ni vibaya wanafunzi wakilisikia likisemwa wazi. Mbona huoni askari wetu? Kwa sababu mwaka 1946 hakuna Mtanganyika aliyeulizwa stempu ya ushindi iweje.

Ili wasidhani ndivyo stempu zote za vita zilivyo, walinganishe na Wapolandi. Nchi yao ilivamiwa mwaka 1939 ikagawanywa, serikali yao ikakimbilia London, na Desemba 1941 ikatoa stempu nane, kadhaa zikiwa na magofu ya Warszawa. Zilitumika kwenye meli za Kipolandi na kwenye kambi za jeshi lao huko Uingereza. Watu wasio na nchi walihakikisha maumivu yao yanaonekana kwenye barua. Mwaka 1943 Marekani nayo ikatoa stempu zenye bendera za nchi zilizotekwa, ikaanza na Poland. Hili si la mbali na nyie. Wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao kina mama na watoto waliopelekwa Siberia kwa nguvu kisha wakapitia Uajemi, walikaa Ifunda na Kidugala miaka hiyohiyo, na makaburi yao yapo hadi leo. Ukiweza kuwapeleka wanafunzi Ifunda kabla ya Julai, wapeleke.

Tulipopata Uhuru, stempu za Desemba 9, 1961 zilikuja na Mwenge juu ya Kilimanjaro, mwalimu na wanafunzi wake, muuguzi, mchuma kahawa, wavuna mahindi. Nchi ilichagua kujionyesha ikifanya kazi. Mimi nauona kuwa uchaguzi wa heshima, lakini ulituachia deni kwa waliopigana.

Kwa upande wa bei, nitakuambia ukweli hata kama hautakufurahisha. G.E.A. za senti ndogo zilichapwa kwa wingi, zipo tele duniani, na moja moja haziwezi kukununulia chochote cha maana. Za rupia kubwa ni adimu, lakini ndizo zinazoghushiwa zaidi. N.F. iliyobanduliwa nayo bei yake ni ya kawaida. Ikiwa kwenye bahasha yake, yenye mhuri unaosomeka wa kituo cha huku kati ya 1916 na 1918, hapo ndipo wakusanyaji hushindana. Kijana wa mjini amekushauri uharibu kitu pekee ambacho huenda kina bei.

Kuna jaribio la kwanza unaloweza kulifanya mwenyewe. Chukua lenzi yenye nguvu, nenda dirishani mchana, tazama pale wino wa mhuri unapokutana na herufi G.E.A. au N.F. Mhuri ulipaswa kugongwa mwisho, kwa hiyo wino wake uwe juu ya herufi. Ukiona herufi zimekaa juu ya mhuri, mtu aliziongeza baadaye. Tazama pia tarehe: G.E.A. yenye mhuri wa 1915 haiwezekani. Jaribio hili linakamata feki za wazi tu, stempu ikilipita haijathibitishwa bado.

Una njia tatu mbele yako. Kuuza ndiyo ninayokushauri uiache mwisho, na isifanyike bila kikao cha ukoo, maana barua hizo ni za wajukuu wote. Kuzitunza nyumbani kunawezekana, kwa gharama ya uangalifu wa kudumu. Kuziweka kwenye makumbusho kwa maandishi, zikibaki mali ya familia, kunazilinda na moto na mchwa, ila lazima mkubaliane kwanza nani ataruhusiwa kuzitoa na kwa utaratibu gani. Mimi ningeanza kwa kuzipiga picha zote mbele na nyuma, na barua zilizomo ndani, kwa simu, kwenye kivuli chenye mwanga bila kuwasha mwako wa kamera. Kwenye maonyesho ya shule bandika nakala za rangi zilizokuzwa. Wanafunzi wataona vizuri zaidi, na mikono mia tatu haitagusa karatasi ya mwaka 1916.

Kwa utunzaji: kila bahasha ndani ya karatasi safi nyeupe isiyo na tindikali, ndani ya boksi gumu, juu ya rafu mbali na ukuta wa nje na mbali na moshi wa jikoni. Selotepu, gundi, klipu za chuma na kuziwekea plastiki ya moto stationery ni mwiko. Wengi huku hufungia nyaraka kwenye mfuko wa nailoni wakidhani wanazikinga na mvua, lakini nailoni hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio unaoleta madoa ya kahawia na ukungu. Iringa mna nafuu kwa ukavu wa upepo wenu. Ndugu zetu wa Tukuyu mvua zao haziwapi nafasi ya kuzembea. Kati ya Juni na Oktoba fungua boksi mara mojamoja, lipate hewa, lisikae juani.

Usihangaike peke yako ukiona unga wa ukungu, karatasi zilizogandana, au wino uliokula karatasi. Hapo usijaribu kutenganisha chochote, peleka kwa mtu aliyesomea kuhifadhi nyaraka. Anza na makumbusho ya Boma pale Iringa mjini, wakuelekeze kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Muone mtaalamu ana kwa ana pia kama kuna mnunuzi anayekuharakisha, au anayetaka kuzitoa nje ya nchi, au kama umekuta stempu za rupia kubwa. Uthibitisho wa kweli hutolewa kwa cheti, kama vile vya Royal Philatelic Society London, na gharama yake haifai kwa stempu ya senti tano. Na kamwe usimkabidhi mtu sanduku lote "akaangalie" bila orodha iliyosainiwa na picha zake.

Mambo mawili ya maonyesho, halafu nikuache ukasahihishe madaftari. Vita vya Mkwawa havitakuwa na bahasha. Mapigano ya Lugalo yalikuwa Agosti 17, 1891, kabla hata ya zile stempu za kwanza za pesa, na Wahehe hawakuwa wakitumiana barua kwa posta ya Mjerumani. Usijaze nafasi hiyo kwa stempu ya meli ya Kaiza. Acha ubao mtupu wenye tarehe, na siku hiyo aketi hapo mzee kutoka Kalenga asimulie.

La pili ni Kagera. Toka Oktoba 1978 Amin alipovamia mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, vijana wa Iringa, Mbeya, Njombe na Songea waliandika nyumbani, na nyumbani wakajibu. Barua hizo ziko chini ya vitanda, zina stempu za kawaida kabisa, na wenyewe wengi wako hai. Watume wanafunzi wakaziombe nakala kwa adabu, wamuulize kila mmoja barua ilichukua muda gani kufika na nani aliyeisoma kwa sauti. Kisha wape karatasi wachore stempu ambayo wangependa Shirika la Posta Tanzania liitoe, ya mpagazi, ya Keya au ya mama aliyekuwa akingoja barua. Zilizo nzuri mzipeleke Posta na barua rasmi ya shule, mkitaja tukio, tarehe na sababu kwa ufupi. Nakala moja nitumie mimi.